Utangulizi wa Kofiolojia

Kofiolojia ni elimu ya viumbe wenye vyeo viwili au zaidi katika utumishi wa umma: makazi yao, malisho yao, namna wanavyozaliana, na sheria ambazo kila baada ya miaka kadhaa hutungwa ili kuwapunguza. Haifundishwi katika chuo kikuu chochote cha Afrika Mashariki. Hilo linashangaza, kwa sababu vielelezo vyenyewe vilikuwa vikipanda jukwaani kila mahafali. Mwalimu Nyerere alikuwa Rais na pia Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu kilipoanza kujitegemea mwaka 1970. Ng'ambo ya mpaka, Daniel arap Moi alikuwa Rais na Mkuu wa vyuo vikuu vyote vya umma nchini Kenya kwa mpigo. Wahitimu walitunukiwa shahada na mtu aliyevaa kofia ya pili waziwazi, tena yenye kishada, na hakuna aliyetoa kalamu akaandika chochote.

Msomaji mwenye haraka atanikumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka. Kofiolojia inawaheshimu wahenga, lakini data za uwandani zinakataa. Mshika mbili huongezwa ya tatu. Nadhani methali ile ilihusu vitu vinavyoshikwa kwa mikono. Cheo huvaliwa kichwani, na mikono hubaki huru kutia saini.

Andiko la msingi la fani hii ni Azimio la Arusha la Februari 1967. Masharti yake ya uongozi yalimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kuwa na nyumba ya kupangisha, na kupokea mishahara miwili au zaidi. Walioliandika hawakuwa watu wa kuchezewa: maana ya kiongozi ilipanuliwa ikamjumuisha mwenzi wake wa ndoa, ili hisa na nyumba zisije zikahamia upande wa pili wa kitanda. Sasa lisome tena lile sharti la mishahara. Linakataza mishahara miwili. Vyeo viwili halivitaji. Sidhani kama ilikuwa bahati mbaya, maana siku Azimio linapitishwa, Mkuu wa Mkoa ndiye alikuwa Katibu wa TANU wa mkoa huohuo, na kwa cheo hicho alikuwa mbunge pia. Mtu mmoja, ofisi tatu, mshahara mmoja. Azimio lilimkagua likamkuta safi.

Hapo ndipo tunapopata Kanuni ya Kwanza ya Kofiolojia, ambayo nitaitetea mpaka mwisho wa makala haya: sheria zetu za vyeo viwili hupima mfuko, rungu la madaraka hazilipimi. Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Zanzibar Februari 1991 na kulegeza masharti ya Arusha, kilicholegezwa kilikuwa mfuko. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 ilipokuja na matamko ya mali, ilikuwa ni mfuko tena, safari hii kwa fomu.

Fani isiyo na chombo cha kupimia ni porojo, kwa hiyo napendekeza chombo. Nakiita Jaribio la Barua. Chukua cheo cha kwanza cha mhusika, kiandikie cheo chake cha pili barua rasmi: yenye Kumb. Na., yenye YAH:, yenye "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", ikiomba jambo ambalo ofisi moja huliomba kwa nyingine, kama vile kibali, maelezo au ukaguzi. Kisha ifuatilie. Ikivuka korido na kumfikia mtu mwingine, huna kielelezo. Ikizunguka masjala, ikapigwa mhuri wa "imepokelewa" na kurudi kwenye meza ilikoandikiwa, umepata kofia halisi. Na ikiwa haikuandikwa kabisa, kwa kuwa mwandishi alishajiuliza na kujijibu akiwa kwenye gari, basi mbele yako yuko kiumbe wa daraja la kwanza, na usimshtue.

Viumbe hawa nimewagawa katika ngeli sita. Ya kwanza ni ya Waliozaliwa Nazo. Hawa hawakutafuta kofia ya pili; Katiba iliwavalisha kwa yale maneno matamu ya "kwa mujibu wa wadhifa wake". Watanzania tunayo hazina kubwa hapa. Kila baada ya uchaguzi, Baraza la Wawakilishi la Zanzibar huchagua wajumbe wake watano waende kuwa wabunge wa Jamhuri ya Muungano. Hawaachi uwakilishi, na wala hawaruhusiwi kuuacha, maana wakikoma kuwa wawakilishi ile sifa ya kuwa wabunge inakwisha. Ni watu watano ambao kwao cheo kimoja ni haramu kikatiba.

Yuko pia Rais wa Zanzibar. Kwake ni Rais na Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi. Akivuka bahari ni mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano, na orodha ya ibara ya 54 inamtaja baada ya Makamu wa Rais na Waziri Mkuu. Zamani kofia yake ilikuwa kubwa zaidi. Tangu Muungano wa 1964 Sheikh Abeid Amani Karume alikuwa Rais wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Muungano, na Aboud Jumbe akarithi zote mbili. Mwaka 1985, Rais wa Muungano alipotoka Zanzibar, ikabidi kofia zipangwe upya: Joseph Warioba akawa Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza, Idris Abdul Wakil akawa Rais wa Zanzibar na Makamu wa Pili. Mpangilio huu ulidumu kwa raha zake mpaka vyama vingi viliporudi mwaka 1992 na mtu mmoja mwenye akili akauliza: je, Zanzibar ikimchagua Rais wa chama kingine, ndiye atakuwa Makamu wa Rais wetu? Ghafla kofia mbili kichwa kimoja zikaonekana kuwa kasoro ya kikatiba. Marekebisho ya kumi na moja yakaleta mgombea mwenza, na uchaguzi wa 1995 ukaendeshwa kwa utaratibu huo. Mwanafunzi wa kofiolojia na aandike pembeni: kwa takriban miaka thelathini hoja ya ubora wa mpangilio haikuwa na haraka, hoja ya nani atavaa ilimalizwa haraka.

Lakini mfalme wa ngeli hii, kielelezo ambacho ningependa kukiona kimewekwa kwenye jumba la makumbusho karibu na yule mjusi wa Tendaguru kama Wajerumani wangetuachia, ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Tanzania. Mfuate siku nzima. Asubuhi anahudhuria Baraza la Mawaziri, akiwa na haki zote za mjumbe isipokuwa kura, ambapo muswada unajadiliwa naye anashauri kama unafaa kisheria. Mchana ofisi yake inauandika. Jioni anaketi Bungeni, akiwa mbunge kwa mujibu wa ibara ya 66, akiwaeleza wabunge wenzake kwamba ushauri wa Mwanasheria Mkuu ni kuwa muswada huu hauna tatizo. Sheria ikipita na raia akaipinga mahakamani, mpaka Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali ilipoanzishwa mwaka 2018, ni ofisi yake ileile iliyokwenda kuitetea. Na majaji watakaoisikiliza? Rais huwateua baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, ambayo Mwanasheria Mkuu ni mjumbe wake. Katika Jaribio la Barua, hapa karani wa masjala anaomba likizo.

Kenya ilimfanyia nusu ya upasuaji. Katiba ya 2010 ilimtoa Mwanasheria Mkuu Bungeni ikamwacha kwenye Baraza la Mawaziri. Mgonjwa anaendelea vizuri.

Ngeli ya pili, Mbunge-Waziri, ndiyo yenye wingi mkubwa zaidi na inastahili subira yetu, kwa kuwa madhara yake hayaonekani kirahisi. Ibara ya 55 ya Katiba ya Tanzania inataka mawaziri na manaibu wao wateuliwe kutoka miongoni mwa wabunge. Mwananchi wa jimbo akisikia redioni kwamba mbunge wake ameingia kwenye mkeka wa uteuzi, anachinja mbuzi. Barabara itakuja, maji yatakuja, umeme utapita hata kwenye kitongoji cha wakwe. Kofiolojia inamuomba asubiri kidogo kabla ya kumchinja wa pili. Kazi ya mbunge ni kuisimamia Serikali na kuiuliza maswali. Mbunge aliyekuwa akisimama kipindi cha maswali na kusema "Mheshimiwa Spika, je, ni lini Serikali itajenga...", tangu siku ya kiapo yeye ndiye Serikali. Hawezi kuuliza ni lini, kwa kuwa yeye ndiye "ni lini". Uwajibikaji wa pamoja unamfunga kutetea hata bajeti iliyoisahau kata anayotoka. Kwa hiyo jimbo la waziri ni jimbo lililojaa shangwe na lisilo na swali hata moja kwenye kumbukumbu za Bunge.

Kenya ya zamani ilikipandisha kielelezo hiki hadi juu kabisa. Kabla ya 2010 Rais mwenyewe alilazimika kuwa mbunge wa kuchaguliwa: Jomo Kenyatta wa Gatundu, Moi wa Baringo ya Kati, Mwai Kibaki wa Othaya. Mkulima wa Othaya mwenye malalamiko kuhusu bei ya kahawa alikuwa na mwakilishi wa kuyapeleka mbele ya Rais. Tatizo ni kwamba mwakilishi huyo alipofika Ikulu alikuta kiti kiko wazi, kwa sababu mwenye kiti ndiye aliyekuwa akibisha hodi.

Kuna tawi dogo la ngeli hii ambalo limenichukulia muda mwingi kuliko linavyostahili. Mbunge wa Tanzania ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake. Halmashauri zote ziko chini ya TAMISEMI, wizara ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Kwa hiyo Selemani Jafo, alipokuwa Waziri wa TAMISEMI na Mbunge wa Kisarawe, alikuwa mjumbe wa baraza lililokuwa likiwajibika kwa wizara yake. Sisemi lolote baya juu yake, wala hakuvunja kanuni yoyote; mawaziri wa TAMISEMI waliomtangulia na waliomfuata, pale walipokuwa wabunge wa majimbo, wamekuwa na hali hiyohiyo. Ninachosema ni kwamba, kwa mtazamo wa kisayansi, diwani wa Kisarawe aliyekaa kiti cha pembeni alikuwa na nafasi ambayo maprofesa wa utawala wangeilipia: kumwona msimamizi na msimamiwa wakigawana chupa moja ya maji.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilijaribu kuing'oa ngeli hii na mizizi yake. Waziri wa Kenya haruhusiwi kuwa mbunge, basi. Anayetaka uwaziri aache kiti, na wapiga kura warudi foleni. Aden Duale aliacha ubunge wa Garissa Mjini na Kipchumba Murkomen akaacha useneta wa Elgeyo Marakwet kwa ajili ya uwaziri mwaka 2022. Januari 2023 wapiga kura wao walikuwa vituoni tena. Gharama hiyo ndiyo bei ya kutenganisha kofia, na Tanzania hatuilipi: mkeka ukitoka, hakuna anayerudi kwa wananchi. Lakini uzuri wa Kenya ulidumu mpaka wabunge walipogundua kwamba waziri asiye Bungeni ni waziri usiyeweza kumzomea. Tangu 2023 mabunge yote mawili yamebadili Kanuni za Kudumu ili mawaziri waje kujibu maswali ukumbini. Walitolewa mlangoni wakiwa wabunge, wakarudishwa dirishani wakiwa wageni. Kwa Jaribio la Barua hili ni jema, maana anayeuliza na anayejibu sasa ni watu wawili. Nimelitaja kwa furaha, kwa kuwa katika fani hii furaha ni adimu.

Ngeli ya tatu, Kofia ya Chama, ina historia ndefu kuliko zote na ndiyo iliyotuachia usemi wenyewe. Watanzania waliposema "kofia mbili" miaka ya themanini, kila mtu alijua ni zipi. Nyerere aliacha urais Novemba 1985 lakini akabaki Mwenyekiti wa CCM hadi 1990. Katika miaka hiyo barua kutoka chama kwenda Serikali ilikuwa na mwandishi mmoja na mpokeaji mwingine, na inawezekana kabisa kwamba Rais Ali Hassan Mwinyi aliwahi kuisoma mara mbili. Chama kilikuwa na mtu wake, Serikali ilikuwa na wake, na sera za uchumi zilikuwa zikibadilika katikati yao. Tangu 1990 utaratibu umekuwa wa kuzivika kichwa kimoja, huku Rais mpya akipewa muda mfupi wa kuzoea: Mkapa alisubiri hadi Juni 1996, Kikwete hadi Juni 2006, Magufuli hadi Julai 2016, Samia Suluhu Hassan hadi Aprili 2021. Na mwaka 2017 chama kilipoibadili katiba yake na kupunguza idadi ya wajumbe wa vikao vya juu, kauli iliyotamba ilikuwa mtu mmoja kofia moja. Ilitamba chini ya mwenyekiti mwenye mbili. Wapo watakaoiita hii kejeli. Mwanakofiolojia anaiita kanuni ya kawaida ya maumbile: maji ya sheria hii hutiririka kuelekea bondeni.

Wakenya, kwa mapenzi yao kwa sheria zilizoandikwa vizuri, wameipa kanuni hiyo umbo la ibara. Ibara ya 77 inamkataza afisa wa Serikali aliyeteuliwa kushika wadhifa katika chama cha siasa. Angalieni hilo neno, aliyeteuliwa. Aliyechaguliwa hakatazwi. Tulipata bahati ya kuishuhudia ikifanya kazi mwaka 2024, pale Rais William Ruto alipowaingiza watu wa chama cha upinzani cha ODM serikalini. John Mbadi, mwenyekiti wa chama, akawa Waziri wa Fedha. Hassan Joho na Wycliffe Oparanya, manaibu wa kiongozi wa chama, nao wakapata wizara. Sheria ikawataka waache vyeo vya chama, wakaviacha. Uenyekiti ukaenda kwa Gladys Wanga, ambaye ni Gavana wa Homa Bay. Gavana ana bajeti, ana wafanyakazi, ana kaunti nzima. Lakini alichaguliwa, kwa hiyo kofia ya chama inamkaa bila kipele. Kofia ilitolewa kwenye kichwa kimoja chenye ofisi ya umma ikawekwa kwenye kingine chenye ofisi ya umma, na Katiba ikapumua.

Hapa nafungua mabano kwa kofia ambazo Katiba haikuzishona kabisa. Katiba ya Tanzania haina Naibu Waziri Mkuu. Hata hivyo tumewahi kuwa naye: Salim Ahmed Salim akiwa na wizara ya Ulinzi, Augustine Mrema akiwa na Mambo ya Ndani, na Doto Biteko, aliyeteuliwa Agosti 2023, akiwa na Nishati. Kielelezo hiki hakijawahi kuonekana kikiwa peke yake. Daima kimeota juu ya wizara, na kikitumwa kuratibu utendaji wa mawaziri huanza na yule aliye karibu zaidi. Nafunga mabano.

Ngeli ya nne haina magari ya msafara, na ndiyo nzito kuliko zote. Mkurugenzi wa halmashauri ni mteule wa Rais. Kazi yake ni mapato, shule, zahanati, na kuvumilia madiwani. Kila baada ya miaka mitano alikuwa akivikwa kofia ya pili na sheria ya uchaguzi: msimamizi wa uchaguzi katika jimbo. Katiba, ibara ya 74, inawakataza wanaohusika na uchaguzi kujiunga na vyama vya siasa. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikubaliana na waliolalamika kwamba kofia hizi mbili haziendani na Katiba. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Zingatieni kwamba ubishi wote haukugusa mfuko hata kidogo. Hakuna aliyedai kwamba mkurugenzi analipwa mara mbili. Walilalamikia rungu, na kwa kuwa sheria zetu hazina mizani ya rungu, kila mahakama ilifika na mizani yake. Mimi si mwanasheria, lakini barua ya mgombea wa upinzani kwa msimamizi wa uchaguzi, akilalamika kwamba mkurugenzi amemnyima uwanja wa mkutano, naijua inakoishia.

Kaimu ni ngeli ya tano. Kaimu ni cheo ambacho hakijakuwa, na kwa sababu hakijakuwa, hakihesabiwi. Hii ndiyo siri ya uzazi wake. Mtu anabaki na ofisi yake ya kudumu, akakabidhiwa nyingine "kwa muda", na muda ukaanza kuota ndevu. Kenya ina sheria: Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inasema ukaimu usipungue siku 30 wala kuzidi miezi sita. Ni mimba fupi kidogo kuliko ya binadamu, na nimefikiria sana kama wabunge walikusudia hivyo. Musalia Mudavadi aliwahi kufikia kilele cha ngeli hii mwishoni mwa 2024: alikuwa Mkuu wa Mawaziri, Waziri wa Mambo ya Nje, na kaimu Waziri wa Usalama wa Ndani baada ya Kithure Kindiki kupandishwa kuwa Naibu Rais. Kwa majuma kadhaa mtu mmoja aliwasimamia mawaziri, akiwa wawili kati yao, mmoja wa ndani na mmoja wa nje. Tanzania nayo ilikuwa na Kaimu Jaji Mkuu kwa takriban miezi minane ya 2017, kabla Profesa Ibrahim Juma hajathibitishwa Septemba. Hakuwa na kofia nyingi kupita kiasi. Alikuwa na kofia moja iliyowekwa kichwani bila kushikizwa, na mawakili walilalamika kwamba mhimili mzima haupaswi kutembea ukiogopa upepo.

Uganda nitaipitia kwa mwendo wa haraka, kwa kuwa huko kielelezo kina bunduki. Bunge lao lina viti kumi vya wawakilishi wa jeshi, na wanaovikalia ni wanajeshi walio kazini, wa jeshi ambalo Katiba ileile inalitaka lisiegemee upande wowote wa siasa. Ukumbi una pande mbili. Wataalamu wameshindwa kukubaliana mtu asiyeegemea hukaaje. Mwaka 2013 Jenerali Aronda Nyakairima alipoteuliwa Waziri wa Mambo ya Ndani bila kuvua sare, wabunge waliojaribu kuuliza walitumia lugha ya adabu isiyo ya kawaida.

Kwa ulinganisho, Wafaransa waliiendeleza fani hii hadi ikawa utamaduni wa taifa. Jacques Chirac alikuwa Meya wa Paris kuanzia 1977 hadi 1995, na kati ya 1986 na 1988 alikuwa Waziri Mkuu bila kuuacha umeya. Wao pia waliweka ukomo wa posho kwa mwenye vyeo vingi, yaani mfuko. Rungu walilibana hasa kwa sheria ya 2014, iliyowakataza wabunge na maseneta kuwa mameya, na hata hiyo ilianza kutumika 2017 ili waliokuwa wameketi wamalize kuketi.

Karibu nasi, mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999 una sharti safi: mabunge ya nchi wanachama yachague wabunge wa Bunge la Jumuiya, lililo Arusha, lakini wasiwe miongoni mwa wabunge wao wenyewe. Hata hivyo waziri anayehusika na mambo ya Jumuiya huingia kwa mujibu wa wadhifa wake. Nadhani hakuna andiko la sheria katika ukanda huu lisilokuwa na mlango huo mdogo wa jikoni.

Nimalizie na ngeli ya sita, Wastaafu, ambao waandishi wengi huwasahau kwa kudhani wamekwisha. Ibara ileile ya 77 ya Katiba ya Kenya inamtaka afisa wa Serikali wa kudumu asifanye kazi nyingine yoyote ya kipato. Ni amri isiyo na mlango. Miaka miwili baada ya Katiba hiyo ikatungwa Sheria ya Uongozi na Maadili, na kifungu chake cha 26 kikafafanua kwamba kazi ya kipato inayokatazwa ni ile ambayo kwa asili yake haipatani na wadhifa, au inayopotosha uamuzi wa mhusika, au inayozaa mgongano wa maslahi. Kwa hiyo kazi ya kipato isiyo na madhara hayo, kisheria, si kazi ya kipato, hata ikilipa vizuri. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa mwenye wizara anaweza kulala. Mstaafu amewekewa hesabu wazi zaidi: akiwa anapokea pensheni ya umma, asishike zaidi ya nafasi mbili zenye malipo kwa wakati mmoja, kama mwenyekiti, mkurugenzi au mwajiriwa katika mashirika na vyombo vya Serikali. Hii ndiyo ibara pekee niliyoikuta katika uwanda mzima inayotaja idadi ya kofia kwa tarakimu. Aliye kazini, moja. Aliyestaafu, mbili, na pensheni juu.

Nimelifanyia Jaribio la Barua suala la mstaafu mwenye uenyekiti wa bodi mbili. Bodi ya kwanza iliiandikia ya pili kuomba mkutano wa pamoja. Majibu yalikuja siku hiyohiyo, yakikubali, na kupendekeza posho ya kikao ilipwe na pande zote mbili.